Kutembelea mwambao wa Ziwa Viktoria wakati wa mlipuko: kuanzia maandalizi hadi siku 21 baada ya kurudi

Kila mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa Uganda, maswali huwa yale yale. Entebbe bado panaendeka? Boti za Ssese zinatembea? Barakoa peke yake inatosha? Nikishikwa na homa nikiwa kisiwani nifanye nini? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kusafiri upande huo wakati wa janga. Uganda haina bahari. Pwani yetu ni ziwa: Entebbe na bustani zake, vinamasi vya Mabamba na Lutembe, kisiwa cha sokwe cha Ngamba, na visiwa 84 vya Ssese.

Kabla ya hatua yoyote, weka jambo hili akilini. Unajilinda wewe, lakini wenyeji wako na wanyama wako hatarini kuliko wewe. Kalangala, wilaya ya visiwa vya Ssese, inategemea vituo vya afya. Mgonjwa mahututi huvushwa maji kwenda Masaka au Entebbe. Sokwe nao huambukizwa mafua ya binadamu na kufa. Katika msitu wa Kibale mwaka 2013, kirusi cha mafua ya kawaida kiliua sokwe watano wa kundi moja la Kanyawara. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 kirusi kingine cha kifua cha binadamu kiliua sokwe 25 wa kundi la Ngogo. Kwa hiyo ukiwa na kikohozi, homa, kuhara au vipele, usiende, hata kama umeshalipa.

JUA KWANZA NI UGONJWA GANI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanabeba barakoa kumi kwenda kwenye mlipuko wa kipindupindu, au wanamimina dawa ya mikono kutwa nzima huku wamejifungia na watu ishirini ndani ya kibanda wakati wa korona. Ugonjwa ndio unaoamua ulinzi.

Korona na mafua makali husafiri kwa hewa. Adui ni chumba kilichofungwa na watu waliobanana. Dalili huanza kati ya siku 2 na 14.

Ebola na Marburg husafiri kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti: damu, matapishi, jasho, choo. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21. Mtu asiye na dalili hakuambukizi kwa kukaa naye kwenye taksi, ila usimguse mgonjwa, usishiriki kuosha maiti, usile nyama ya mwituni.

Mpox husafiri zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi yenye vipele, na kwa shuka na taulo za mgonjwa. Nayo hesabu yake hufika siku 21.

Kipindupindu ni maji na chakula kilichochafuliwa na choo. Kinaweza kuanza saa chache tu baada ya kumeza maji mabaya, au hadi siku 5. Kwenye myalo ya wavuvi ambako vyoo ni vichache, huu ndio ugonjwa wa kuogopa kuliko mingine yote.

VITU VYA KUANDAA

Hesabu hii ni ya mtu mmoja kwa siku mbili.

- Barakoa 8: nne kwa siku, kwa sababu upepo na maji ya ziwa huzilowesha haraka. Weka safi kwenye mfuko mmoja na zilizotumika kwenye mwingine.
- Kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, mililita 100 hadi 250, pamoja na kipande cha sabuni. Sabuni haina mbadala mikono inapokuwa na matope au mafuta ya samaki.
- Jiki chupa moja ndogo, na chupa mbili tupu zenye vifuniko vinavyokaza.
- Kipima joto cha kwapani.
- Maji ya kunywa lita 3 kwa siku, au vidonge vya kutakasa maji.
- Pakiti 4 za chumvi ya kuongezea maji mwilini, ile ya ORS.
- Chandarua chako, shuka lako na taulo lako.
- Darubini yako mwenyewe, kama unakwenda kuangalia ndege. Darubini ya kupokezana inapita jicho hadi jicho.
- Mfuko usiopitisha maji wa simu na vitambulisho.
- Fedha taslimu za safari nzima na akiba ya siku tatu, noti ndogo ndogo. Mobile money inapunguza kushikana noti, lakini mtandao unakatika ziwani na mawakala wa visiwani huishiwa fedha. Toa pesa ukiwa bado Entebbe au Masaka.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti, na kadi ya chanjo. Anayeingia Uganda kutoka nje atadaiwa kadi ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na kadi ni ya maisha. Usichanjwe jana ukatarajia kuvuka mpaka wa Busia leo.

HATUA

1. Amua kama safari ifanyike

Tafuta tangazo la Wizara ya Afya lenye tarehe. Ujumbe uliosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp usiokuwa na tarehe hauna thamani hata kama una nembo ya serikali. Angalia mambo matatu: wilaya zilizotajwa, kama kuna kizuizi cha kutoka au kuingia, na kama kuna kafyu. Mwaka 2022, mlipuko wa Ebola ulipotangazwa Septemba 20, ni Mubende na Kassanda zilizofungwa katikati ya Oktoba. Entebbe iliendelea kupokea wageni. Machi 2020 mambo yalikuwa tofauti kabisa: uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungiwa abiria na haukufunguliwa hadi Oktoba 1. Usichukue sheria za mlipuko mmoja ukazitumia kwenye mwingine.

Ukisikia mlipuko wa Ebola "umepungua", bado haujaisha. Hutangazwa umekwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani siku 21 mara mbili. Kama safari yako si ya lazima, subiri tangazo hilo.

Ukiwa umekutana na mtu aliyethibitika kuugua, hata kama hujisikii vibaya, baki nyumbani hadi siku zako zimalizike na timu ya afya ikuruhusu. Hapa hakuna cha kubishania.

2. Chagua mahali kwa kipimo cha hewa na umbali wa hospitali

Kwa anayeanza, tunapendekeza Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898. Ni wazi, ina nafasi, ina mbega na tumbili, ziwa liko pale pale, na hospitali ya Entebbe iko jirani. Unaenda asubuhi, unarudi jioni.

Cha pili ni Mabamba, kinamasi cha mafunjo magharibi ya Entebbe, kilicho kwenye orodha ya Ramsar tangu 2006. Watu huenda kumtafuta bulwe, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayevizia kamongo kwenye maji ya kina kifupi. Unakuwa kwenye mtumbwi, hewani, na watu wachache. Wakati wa ugonjwa wa hewa ni vigumu kupata matembezi salama kuliko haya.

Ngamba, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, ina sokwe waliookolewa tangu 1998. Huko sheria ni kali na zinastahili kuwa kali. Zinaweza kuzidi zile za serikali. Piga simu kabla ya kufikiria boti.

Ssese iwe ya mwisho. Ni pazuri mno, lakini kulala kisiwani maana yake ukiugua usiku hutoki mpaka kupambazuke. Wiki za mwanzo za mlipuko, wakati bado haijulikani umesambaa wapi, tunashauri usiende kulala huko.

3. Piga simu mara mbili

Piga mara ya kwanza siku tatu kabla, na tena jioni ya kuamkia safari. Sheria hubadilika katikati. Uliza hivi, kwa maneno haya haya:

- Mmefungua, na mnapokea watu wangapi kwa siku?
- Mnadai kipimo au kadi ya chanjo? Kipimo kiwe cha saa ngapi?
- Boti inabeba wangapi sasa, na bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa?
- Ufuo wenu bado upo?
- Mkifungwa ghafla, pesa inarudishwa au tarehe inasogezwa?

Swali la ufuo huwashangaza wengi. Maji ya ziwa hupanda. Mei 2020, katikati ya korona, kina kilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na fuo nyingi za Entebbe pamoja na gati zikazama. Picha nzuri uliyoiona mtandaoni inaweza kuwa ya mchanga ambao leo uko chini ya maji, tena maji yaliyochanganyika na vyoo vilivyofurika.

Kuhusu kipimo: ukiambiwa kiwe cha saa 72, saa hizo huhesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa, si tangu majibu yalipotoka. Ukikosea hapo unaweza kurudishwa mpakani.

4. Changanya dawa ya klorini siku ya kuondoka

Unahitaji mchanganyiko wa aina mbili. Mkali, wa asilimia 0.5, ni wa vitu: meza, mpini wa mlango, choo, soli za viatu. Mwepesi, wa asilimia 0.05, ni wa mikono pale ambapo hakuna sabuni wala kitakasa.

Soma asilimia kwenye chupa. Ikiwa jiki yako ni ya asilimia 3.5:

- Mkali: kikombe 1 cha jiki, vikombe 6 vya maji safi.
- Mwepesi: kikombe 1 cha ule mkali, vikombe 9 vya maji. Kwa jerikeni la lita 5, weka nusu lita ya mkali, ongeza lita 4 na nusu za maji.

Kama chupa ina asilimia nyingine, gawanya asilimia hiyo kwa 0.5, kisha toa 1. Jibu ndiyo vikombe vya maji kwa kila kikombe cha jiki. Chupa ya asilimia 5 itapata vikombe 9.

Maonyo manne. Usichanganye jiki na sabuni ya choo, siki wala dawa nyingine. Hutoa hewa inayochoma mapafu. Andika kwenye kila chupa kwa kalamu isiyofutika, maana mkali kwenye ngozi unababua na mtoto anaweza kuunywa. Tengeneza mpya kila siku, kwa sababu nguvu huisha na jua huimaliza haraka zaidi. Na usipake kwenye lenzi, simu wala vifungo vya chuma. Kwa darubini, futa ile mpira ya machoni kwa kitambaa chenye alkoholi, vioo viache.

5. Barabarani

Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40. Wakati wa ugonjwa wa hewa, spesho (gari la kukodi) ya familia moja yenye madirisha wazi ni bora kuliko taksi ya watu 14. Ikibidi taksi, kaa karibu na dirisha na ulifungue, hata mvua ikinyunyiza kidogo. Serikali ikiamuru nusu ya abiria, kama ilivyokuwa mwaka 2020, nauli hupanda; weka bajeti ya mara mbili. Bodaboda ina hewa ya kutosha, ila usivae helmeti ya kupokezana bila kitambaa kichwani.

Kwa Mabamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni feri kutoka Nakiwogo, Entebbe, kuvuka kwenda upande wa Kasanje. Ya pili ni kuzunguka kwa gari. Ondoka alfajiri, maana bulwe huonekana vizuri asubuhi kabla ya jua kali. Kwa Ssese, ama meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka, safari ya zaidi ya saa tatu, ama Masaka hadi Bukakata na kuvuka kwa feri ya serikali hadi Luuku, chini ya saa moja na bila nauli. Wakati wa mlipuko chagua Bukakata. Muda wa kukaa na umati ni mfupi, unabaki na gari lako, na ukiugua una njia ya kurudi Masaka.

Kukiwa na kizuizi cha barabarani, shusha barakoa ukiombwa, pimwa joto, onyesha karatasi. "Afande, natoka hapa naenda pale, hii hapa hati yangu" inatosha. Usipige picha. Kama safari kati ya wilaya zimezuiwa, ruhusa hutolewa na ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani) kwa sababu za lazima, na kwenda kutalii si sababu ya lazima. Usijaribu kujieleza kama mgonjwa.

6. Mwaloni na ndani ya boti

Hapa chukua muda wako. Ajali ya majini inaua kwa dakika, na ugonjwa umewafanya watu wengi wasahau hilo. Novemba 24, 2018, boti ya MV Templar ilizama karibu na ufuo wa Mukono ikiwa imejaa wasafiri wa starehe, na zaidi ya watu 30 walikufa. Ziwa lile lile ndilo unaloliingia.

a) Fika mapema, kaa pembeni. Msongamano mkubwa si ndani ya boti, ni pale watu wanapogombea kupanda.

b) Hesabu watu. Muulize nahodha boti inaruhusiwa kubeba wangapi, kisha hesabu mwenyewe. Mtumbwi wa Mabamba uwe na wageni wawili au watatu, mwongozaji na mpiga kasia. Ikizidi, shuka. Ni rahisi kushuka ukiwa bado kwenye gati.

c) Vaa jaketi la kuokolea kabla ya kukanyaga boti. Funga vifungo vyote, kisha mwenzako ayashike mabega ya jaketi na kuyavuta juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno kwako. Libonyeze: likitoa maji, sponji yake imechoka. Mtoto apewe la mtoto.

d) Usikatae jaketi kwa kuogopa vijidudu vya aliyelivaa jana. Panguza mikanda na kola kwa maji ya sabuni, vaa juu ya shati la mikono mirefu, kisha nawa mikono. Kuzama hakungoji siku 14. Anayetembelea ziwa mara kwa mara anunue lake.

e) Kaa mahali penye upepo, ukielekea mbele. Kwenye feri, panda sitaha ya wazi; epuka chumba cha ndani kilichofungwa hata kama kina viti laini na tiketi yake ni ya bei zaidi.

f) Barakoa ikilowa, ibadilishe. Barakoa mbichi haichuji vizuri na inaziba pumzi. Boti ikianza kuingiza maji, ivue kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

g) Tazama mbingu. Wingu zito jeusi upande wa ziwa na upepo wa ghafla wenye baridi ni ishara ya kutotoka. Mwongozaji mwenye uzoefu akisema tungoje, ngoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Usikilize asubuhi hiyo.

h) Usitie miguu majini wakati wa kupanda na kushuka, na usinawie mikono maji ya ziwa. Ziwa Viktoria lina kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, yaani pale pale boti zinapofunga, na huingia kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha. Ukilowa, jifute mara moja kwa nguvu na taulo kavu.

7. Mbele ya wanyama na ndege

Kwa sokwe na jamaa zao, UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) iliongeza umbali kutoka mita 7 hadi 10 wakati wa korona, na barakoa ikawa lazima. Shika mita 10 hata kama mlipuko ni wa ugonjwa mwingine. Ukitaka kupiga chafya, geuka, tumia kiwiko, kisha rudi nyuma.

Tumbili wa Entebbe wamezoea watu na watakufuata wakiona ndizi. Usiwape. Chakula kilichoumwa na binadamu hupeleka mate, na kucha za tumbili hurudisha vijidudu vyao. Funga begi, kula ukiwa umeondoka pale.

Ndege waliokufa au wanaoyumba usiwaguse, usiwapige teke, usimwache mtoto akawaokota. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege aina ya H5N8 iliua ndege wahamiaji wengi kwenye mwambao huu, wakiwemo wa Lutembe. Simama mbali, piga picha, andika mahali na saa, mpe mwongozaji au ofisa mifugo wa wilaya.

Mapango na mashimo ya migodi yenye popo usiyaingie kabisa, awe nani amekuhakikishia. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa Marburg baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo.

8. Kulala na kula

Omba chumba chenye madirisha pande mbili, mbali na ukumbi. Ukifika, fungua mlango na madirisha nusu saa, panguza kwa mchanganyiko mkali mipini, swichi na bomba, acha dakika 10, kisha futa kwa maji. Tandika shuka lako. Funga chandarua kabla jua halijazama. Malaria haisimami kwa sababu kuna mlipuko mwingine.

Kula nje. Samaki aive, afike mezani akitoa mvuke. Wakati wa kipindupindu acha kachumbari, juisi za barabarani na barafu. Tunda lipate maganda utakayomenya mwenyewe. Maji yachemke hadi yatoe mapovu makubwa. Nyama ya mwituni usiguse hata kama mwenyeji anakupa kwa heshima. Shukuru kwa adabu, sema daktari amekukataza, ule matoke na samaki.

Salamu nazo. Visiwani watu hushikana mikono na wengine hupiga magoti kumsalimu mgeni. Weka mkono kifuani, inama kidogo, salimu kwa maneno marefu. Hakuna atakayekasirika ukianza wewe. Ukikaa zaidi ya usiku mmoja kijijini, mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) jina lako na ulikotoka. Ni heshima, na kama kuna ufuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa, utapatikana.

9. Kurudi

Kazi haijaisha. Fua nguo zote, soli za viatu zipitie mchanganyiko mkali. Andika kwenye daftari boti uliyopanda, saa, tarehe na watu uliokaa nao. Ndani ya siku chache utakuwa umesahau, na hayo ndiyo mambo ya kwanza timu ya afya itakuuliza.

Pima joto asubuhi na jioni: siku 14 kwa ugonjwa wa hewa, siku 21 kwa Ebola, Marburg au mpox. Katika siku hizo ahirisha kumtembelea bibi, mjamzito, mtu mwenye afya dhaifu au mgonjwa wodini. Kama uligusa maji ya ziwa, nenda kupimwa kichocho wiki 6 hadi 8 baada ya mguso wa mwisho. Usinywe praziquantel siku unayofika nyumbani ukadhani umemaliza. Dawa hiyo haiui vizuri minyoo ambayo bado ni michanga.

YAKITOKEA HAYA

Joto limepita 38 ukiwa kisiwani. Baki chumbani, vaa barakoa, usipande boti ya abiria kukimbilia Kampala. Piga namba ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066, au mtume mtu akaite kituo cha afya kabla hujaingia humo. Omba kipimo cha malaria na cha ugonjwa wa mlipuko kwa pamoja. Malaria ikionekana haimaanishi huna kingine. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Homa imekuja wiki moja baada ya kurudi. Mwambie mhudumu mlangoni, kabla hajakugusa, kwamba ulikuwa ziwani wakati wa mlipuko. Ukificha, unamhatarisha yeye na wodi nzima.

Kuhara maji matupu. Anza ORS papo hapo, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo bila kukoma, hata ukitapika. Nenda kituoni huku ukiendelea kunywa. Kosa kubwa ni kusubiri asubuhi.

Kipima joto cha getini kinasoma juu ingawa hujisikii mgonjwa. Huenda umetoka juani au kwenye bodaboda. Kaa kivulini dakika 15, uvue kofia, pimwa tena kwa kile cha kwapani. Kikisoma juu tena, rudi.

Kafyu au kufungwa kumetangazwa ukiwa ng'ambo. Usikodi mtumbwi wa usiku. Doria za jeshi zipo ziwani, na giza linaua zaidi ya doria. Ripoti kwa LC1 na kwa mwenye nyumba ya wageni, kisha uliza ofisi ya wilaya utaratibu wa kuwarudisha wageni. Fedha ya akiba ya siku tatu ndiyo inayotumika hapa.

Nahodha anajaza watu na anakuambia "hakuna shida". Shuka bila kugombana naye, hata akikataa kurudisha nauli. Kama boti imeshaondoka, sogea karibu na ukingo, hakikisha vifungo vya jaketi, na mwambie abiria wa karibu nao wafunge vyao. Ukifika nchi kavu, toa taarifa kwa polisi kwa 999 au 112.

Ngozi inawasha na vipele vidogo saa chache baada ya kulowa. Mara nyingi ni kichocho kikiingia; andika tarehe hiyo kwa ajili ya kipimo cha wiki 6. Lakini vipele vyenye maji au usaha, vikiambatana na homa na tezi kuvimba, vichukulie kama mpox: vifunike, lala peke yako, taulo lako lisiguswe na mtu, na piga simu kabla ya kwenda hospitali.